Neno Circumference na Mtoto wa Bosibori

Bado naiona Alhamisi ile, mwanangu, kana kwamba ni juzi, ingawa magoti yangu yananiambia ni zamani sana. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimetoka chuo cha uuguzi miezi mitano tu, nikapelekwa kituo kidogo cha afya upande wa Birongo, na sare yangu nyeupe niliipiga pasi mpaka ikakaribia kusimama yenyewe. Alhamisi ilikuwa siku ya kliniki ya watoto. Akina mama walifika umande ukiwa bado kwenye majani chai, watoto mgongoni, kadi za kliniki zimefungwa kwa karatasi za nailoni zisilowe, wakakaa kwenye mabenchi wakingoja kuitwa.

Nataka nikusimulie kosa nililofanya siku hiyo. Halikuwa kosa la kuiba wala la uvivu. Mtu aliyekuwa chumbani angelitazama asilione, kwa maana lilikuwa kosa la neno moja.

Kwanza ujue nilivyokuwa. Mimi ni Mkisii, mzaliwa wa Kiogoro, na mama yangu hakujua Kiingereza hata cha salamu. Lakini nilipopata kazi nilijiapiza kwamba nikivaa sare sitasema Kikisii. Akina mama wakinisalimia kwa lugha ya nyumbani, niliwajibu kwa Kiswahili, na nilipotaka waone kwamba nimesoma, nilitia Kiingereza. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Msimamizi wetu, Sista Nyaboke, mwanamke wa makamo aliyekuwa amewapokea watoto wengi wa vijiji vile kwa mikono yake, alizungumza na kila mtu kwa lugha aliyoielewa mtu huyo. Mimi, Mungu anisamehe, nilidhani anafanya hivyo kwa sababu Kiingereza chake kimechakaa. Mwezi huo alikuwa likizo, na kliniki ilikuwa mikononi mwangu.

Bosibori aliingia na mtoto wake wa kwanza, Moraa, msichana wa miezi minne. Alikuwa rika langu, mwembamba, vidole vyake vimeingia weusi wa kuchuma chai usiotoka hata kwa sabuni. Nilimpima mtoto uzani, ukawa sawa. Kisha nikachukua tepu nikaizungusha kichwani, juu ya nyusi, juu ya masikio, mpaka kisogoni. Nilipoiandika ile namba kwenye kadi, alama yake ilivuka mstari wa juu kabisa. Nikapima tena, ikawa ile ile. Nikagusa utosi kwa ncha ya kidole. Utosi wa mtoto aliyetulia huwa umelala. Wa Moraa ulikuwa umejaa.

Chuoni tulikuwa tumefundishwa kuhusu maji yanayojaa kichwani mwa mtoto. Tuliambiwa mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali kubwa bila kuchelewa, kwa sababu ubongo ukibanwa hauombi ruhusa ya kuharibika. Kwa hiyo nilijua. Hapo ndipo panaponiuma hadi leo, mwanangu. Sikuwa mjinga wa jambo lenyewe.

Nikamwambia, "Mama, circumference ya mtoto iko juu. Unatakiwa hospitali kubwa Kisii."

Akanitazama. "Sista, hiyo ni kitu gani?"

"Ni neno la madaktari," nikamjibu. "Wewe nenda tu, huko wanajua."

Nikamwandikia barua, Kiingereza kitupu, nikaikunja vizuri. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akamfunga mtoto mgongoni. Mabenchi yalikuwa yamejaa. Nikaita anayefuata, na nikikuambia kwamba nilimfikiria Bosibori tena jioni hiyo nitakuwa nimekudanganya.

Mwezi ukapita. Sista Nyaboke alikuwa amerudi kazini, na Alhamisi ya kwanza ya kurudi kwake ilikuwa ya mvua, watu wachache. Bosibori akaingia amemfunika mtoto kwa shuka. Sista alipoifunua, mimi niliyekuwa nimesimama kando nilisogea nione. Kichwa kilikuwa kimekua kupita mwili. Ngozi ya kipaji cha uso iling'aa, mishipa imetokeza, na macho ya mtoto yalitazama chini kiasi kwamba weupe ulionekana juu ya mboni. Mama yake alieleza kwamba kwa siku nne amekuwa akitapika kila anyonyapo.

Sista hakushtuka, au hakuonyesha. Alimuuliza kwa Kikisii, kwa sauti ya kawaida kabisa, walimwambia nini kule hospitali kubwa. Bosibori akasema hajaenda, alikuwa akingoja tarehe. Sista akauliza ni tarehe ya nini.

"Sista huyu aliniambia kuna konferensi ya watoto huko Kisii," akasema, akinielekezea kidevu bila ubaya wowote. "Akasema iko juu, nikajua ni huko ghorofani. Lakini hakuniambia ni siku gani, nikangoja kuitwa."

Barua yangu alikuwa nayo. Aliitoa katikati ya kurasa za Biblia, alikoihifadhi isikunjike. Mumewe alijaribu kuisoma, akatambua jina la mtoto na jina la Kisii, basi. Alikwenda mpaka kwa mzee wa kanisa kuuliza kama ametangaziwa mkutano wowote wa akina mama wenye watoto, na mzee akasema bado, pengine utatangazwa.

Huenda wewe ukisikia hayo unatabasamu. Mimi mwenyewe nimewahi kuyasimulia watu wakacheka. Lakini chumbani mle hakuna aliyecheka.

Sista Nyaboke aliandika barua nyingine, akamwambia Bosibori apumzike kidogo, kisha akanishika kiwiko akaniingiza chumba cha dawa na kufunga mlango. Nilitarajia anipigie kelele. Alizungumza chini chini, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Kerubo, nimeiona kadi. Ulipima vizuri. Ulijua kwamba mtoto huyu ni mgonjwa?"

"Nilijua, Sista."

"Basi ulijua peke yako."

Akanipa ile barua mpya. Kisha akaniambia kwamba nitaondoka na Bosibori sasa hivi, nitambebea mtoto yeye abebe vitu, na sitamwacha mpaka daktari amemwona. Nitakaporudi, nitafagia, nitachemsha vyombo, nitapanga kadi, lakini tepu sitaigusa mpaka niweze kumweleza mama mzazi wa Sista mwenyewe, bibi kizee ambaye hakukanyaga shule, maana ya lile neno. "Wala usimweleze kwa Kiingereza kingine," akasema.

Tukaenda. Kule Kisii daktari alimwona Moraa upesi, akasema maji yamejaa kichwani na mtoto anahitaji upasuaji usiofanyika pale. Wangempeleka kesho yake kwa gari la wagonjwa hadi hospitali ya mbali, njia ya Nakuru. Tulikaa kwenye benchi la ukumbini tukisubiri kitanda. Nilikuwa nimempakata Moraa, uzito wa kichwa chake kwenye mkono wangu, nikaona siwezi kuendelea kunyamaza.

Nilimwambia Bosibori kwamba hakukuwa na mkutano wowote. Nikamwambia neno lile ni kipimo cha kuzunguka kichwa, kwamba siku ile nilikuwa nimeona kichwa cha mtoto kinakua upesi kupita kiasi, na kwamba mwezi mzima aliongoja ulitokana na mimi. Nilisema yote kwa Kikisii. Ilikuwa mara ya kwanza kusema Kikisii nikiwa na sare, na maneno yalitoka kama ya mtoto anayejifunza.

Aliinua shuka akakitazama kichwa cha mtoto.

"Ungesema kichwa," akaniambia, "ningesikia kichwa. Ningetoka pale nikikimbia."

Akamchukua mtoto wake mapajani mwangu, akageukia ukutani. Hakunisemesha tena. Kesho yake walipoondoka nilisimama mlangoni pa gari, naye akapita mbele yangu macho yakitazama mbele. Sikumlaumu. Ningekuwa mimi, sijui kama ningekuwa na upole huo.

Nikarudi Birongo nikafagia, nikachemsha vyombo. Jioni nilifungua kamusi yangu ya chuo. Ilisema ni umbali wa kuzunguka duara, kwa Kiingereza kigumu kuliko neno lenyewe. Nikamwambia Sista kwamba kamusi hainisaidii. Akaniambia niende kwa Mzee Ombati, katekista wa Kikatoliki aliyeishi ng'ambo ya kijito. Ujanani alikuwa amesoma seminari miaka kadhaa kabla ya kuamua kuoa, na watu walisema Kilatini bado anacho.

Mimi ni Msabato, kwa hiyo Jumamosi haikufaa, na Jumapili asubuhi yeye alikuwa na ibada yake. Nikaenda Jumapili alasiri. Nilimkuta amevua koti la kanisani, anamkatia ng'ombe majani kwa panga, na aliposikia ninachotaka alicheka akasema kwamba Msabato kuja kwake kutafuta Kilatini ni jambo la kumweleza padri. Lakini hakuliacha panga wala swali langu. Alikata na kueleza, akakata na kueleza.

"Neno lako si la Waingereza," alisema. "Ni Kilatini wamekivalisha koti. Circum ni pande zote, kuzunguka. Ferre ni kubeba. Kubeba kuzunguka, binti. Unaishika kamba, unaanzia hapa, unaibeba mpaka unarudi pale ulipoanzia. Basi, hiyo ndiyo siri ya madaktari."

Nikaona aibu kwa wepesi wake. Nikadhani tumemaliza, nikataka kuaga. Akaniambia nikae, bado hajafika mahali penyewe.

Alisema Warumi nao hawakulianzisha. Kabla yao Wagiriki walikuwa na neno lao, nalo limejengwa vivyo hivyo, kuzunguka na kubeba. Warumi walipotaka kufundisha watu wao hesabu za duara, wangeweza kulimeza lile la Kigiriki lilivyo, maana wasomi wao walikijua Kigiriki. Hawakufanya hivyo. Walilivunja vipande viwili, kila kipande wakakitafutia neno la nyumbani kwao, wakaviunga. Baadaye sana Wafaransa wakalipokea, na Waingereza wakalichukua huko.

"Kwa hiyo neno hili ni tafsiri tangu zamani," akasema, na sasa panga alikuwa ameliweka chini. "Lilizaliwa siku mtu fulani alipotaka mwenzake aelewe. Waliokuwa wakitawala dunia hawakuona haya kulitafsiri. Wewe haya ulizitoa wapi?"

Nilimuuliza kama Kiswahili kina neno lake. Akasema lipo, mzingo, linatokana na kuzinga, na ni neno zuri. Ila akanionya nisije nikaliacha la Kiingereza nikashika mzingo na kumpiga nalo mama mwingine, kwa sababu nalo vijijini kwetu hukaa zaidi vitabuni kuliko midomoni. Nimtazame mtu usoni kwanza. Kama halijui, nimwambie urefu wa kuzunguka kichwa, au nichukue tepu nimwonyeshe.

Siku mbili baadaye mama yake Sista Nyaboke alifika kituoni kuchukua dawa ya magoti. Sista akaniita. Nikaketi mbele ya yule omong'ina, ndivyo tunavyomwita bibi mzee kwetu, nikamzungushia tepu kichwani juu ya kitambaa chake, nikamweleza ninapima nini, na kwamba kichwa cha mtoto kikikua haraka kupita kawaida huenda kuna maji ndani. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia binti yake akauliza kwa nini basi hatukusema hivyo tangu mwanzo. Sista akaniachia ile tepu.

Bosibori alirudi baada ya wiki saba. Kuna kituo kingine karibu na kwao, na nilikuwa na hakika atakwenda huko. Nilipomwona kwenye benchi niliinyoosha tepu mezani. Zamu yake ilipofika akamweka Moraa mezani. Kando ya kichwa, chini ya nywele zilizoanza kuota upya, kulikuwa na mshono, na chini ya ngozi ya shingo ungeweza kuuona mrija mwembamba waliouweka kupeleka maji tumboni. Macho yalikuwa yameinuka, ingawa la kushoto lilikawia kufuata kidole changu.

Akasema neno moja tu, "Pima."

Nikapima. Nikamgeuzia tepu aione namba mwenyewe, nikamwonyesha kwenye kadi ilikuwa wapi na sasa iko wapi, nikamweleza kwa lugha yetu kwamba mrija ukiziba kichwa kitaanza tena kukua, na hiyo ndiyo sababu tunapima kila mara. Aliinama juu ya kadi akifuata mstari kwa kile kidole cheusi cha chai. Kisha akaniomba nimfundishe. Nilishika mkono wake nikauongoza, juu ya nyusi, juu ya masikio, kisogoni. Alikosea mara mbili, ya tatu akapata namba yangu. Nikampa tepu yangu ya chuo. Hakuniambia amenisamehe, nami sikumwuliza. Lakini alipokuwa akitoka alinisalimia kwa jina.

Akawa anampima kila Ijumaa kabla jua halijazama, akiandika namba ukutani kwa mkaa. Nilikwenda kwao nikaziona, zimepangana toka juu kwenda chini, zikipanda polepole kama inavyotakiwa.

Moraa alipokuwa na mwaka mmoja na miezi michache, Bosibori alitokea kituoni Jumanne, siku ambayo si ya kliniki. Mtoto hakuwa ametapika, macho yalikuwa sawa, alikuwa akichezea kifungo cha sweta. Lakini mama yake alikuwa amempima Ijumaa na akampima tena asubuhi hiyo kwa sababu alimwona mchovu, na namba ilikuwa imeruka. Nilipima nikapata vile vile. Tukaenda Kisii pamoja kwa mara ya pili.

Daktari wa zamu alikuwa kijana mgeni, si mtu wa kwetu. Alimtazama Moraa anacheza, akaanza kusema hana dalili mbaya, warudi wiki ijayo. Nilifungua mdomo nimjibu, Bosibori akanitangulia. Alisimama wima mbele ya meza ile, mwanamke aliyeishia darasa la nne.

"Daktari," akasema, "circumference ya mtoto imeongezeka tangu Ijumaa. Mimi mwenyewe nimepima." Akatoa kikaratasi alichonakili namba zote za ukutani.

Yule kijana alikipokea, akakisoma, akakaa sawa kitini. Mrija ulikuwa umeziba. Uliwekwa mwingine wiki ile ile, kabla ubongo haujabanwa.

Moraa ni mtu mzima sasa, ana nyumba yake na watoto wawili huko Nyamira. Jicho la kushoto halikurudi lilivyopaswa kuwa, na masomo yalimshinda mapema kwa sababu ubao hakuuona vizuri. Sitakuficha hilo. Sijui ni kiasi gani cha hayo kilitokana na ugonjwa na ni kiasi gani kilitokana na ule mwezi, na hakuna daktari aliyeweza kuniambia. Ananiita mama mdogo. Kila anaponiita hivyo nafurahi na kuumia kwa pamoja, na nimezoea kuvibeba vyote viwili.

Mwanangu, nimekupa habari hii kwa sababu karibu unaanza kazi, iwe ya hospitali, ya ofisi, ya darasa, ya shamba la watu. Utajifunza maneno makubwa. Jifunze yote, uyapende, ujue yalikotoka, maana mtu asiyejua maana ya neno lake hawezi kumpa mwingine. Lakini siku mtu atakapokuuliza hilo ni nini, usimwambie ni la wasomi. Swali lake ndilo kazi yako ya siku hiyo. Keti naye, mtazame usoni, tafuta neno la nyumbani kwao, na likikosekana tumia mikono yako. Na ukishamweleza la nyumbani, mpe na lile kubwa pia alimiliki, kwa sababu huenda siku moja akahitaji kulisema mbele ya mtu asiyemsikia kwa lugha nyingine. Ukikosea, na utakosea, mwendee uliyemkosea ukamwambie kosa lilivyo, halafu uvumilie akigeukia ukutani.

Nenda basi. Mungu akupe elimu isiyokupandisha mabega, akupe watu wasioogopa kukuuliza, na akujalie uishi siku nyingi miongoni mwa wale wanaoelewa unachosema. Amina.